Tuanze na bodi, kebini ipo tayari

Mwanga, Kigoma
14 Julai

Ndugu yangu Mihayo,

Salaam sana wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama Zawadi anakusalimu na anashukuru mno kwa asali. Kiangazi kimeshika, vumbi limegeuza majani ya migomba kuwa mekundu, na umeme siku hizi unatulia kiasi cha kuniruhusu kukaa mezani jioni na modeli zangu.

Orodha yako nimeipata. Umetaja shangingi la V8 (ile Land Cruiser ya kifahari), magari ya Safari Rally, basi la Kichina, Fuso, Scania ya tumbaku na Landrova ya zamani, halafu ukaniuliza tuanze na lipi kama kweli tunataka kutoa seti zetu wenyewe za magari madogo ya kuunga. Nimelifikiria sana jambo hili na jibu langu ni kwamba tusianze na gari zima. Tuanze na bodi na mzigo.

Angalia Scania. Kampuni ya Italeri ya Italia imekuwa ikitoa Scania 143 kwa kipimo cha 1/24, yaani gari lililopunguzwa mara 24, miaka mingi, na ni boksi zuri: chasi kamili, springi, ekseli, injini ya kuunga kipande kwa kipande. Lakini 143 ni gari la V8 la lita 14, na lililomo kwenye boksi limepambwa kwa barabara za Ulaya. Zilizobeba nchi yetu mgongoni ni 113. Ni ndugu wa familia moja, ile iliyoanza kutoka mwaka 1987, na kebini ya kawaida ni ileile. Tofauti kubwa iko chini: 113 ina injini ya lita 11, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kwa hiyo mtu mwenye boksi la Italeri hahitaji tumtengenezee Scania nyingine. Anahitaji injini ya silinda sita ya kuweka mahali pa V8, namba 113 ya kubandika mbele, bampa la chuma nene lililochomelewa gereji, na bodi. Hiyo bodi ndiyo sijaona mtu anayeiuza.

Na bodi ndiyo inayolifanya gari liwe la kwetu. Wewe uko Tabora, unayaona yakitoka Urambo na Kaliua msimu wa masoko ya tumbaku. Mbao za ubavuni zimefungwa kwa boliti kwenye nguzo za chuma. Ndoano za kamba zimepangwa chini kuzunguka bodi yote, na pale kamba inapopita kila siku rangi imekwisha, chuma kinang'aa. Mlango wa nyuma unashikwa na minyororo miwili iliyovishwa mpira wa tyubu ili isipige kelele. Juu ya kebini kuna keria yenye tairi la akiba na turubai lililokunjwa. Nilisimama hapa stendi kuangalia gari moja lililoshusha chumvi ya Uvinza: mbao za chini zilikuwa zimepauka hadi kuwa nyeupe, za juu bado zina rangi yake ya udongo, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ulikuwa umenyooka kabisa, unaonyesha mzigo huishia wapi. Mtu akiweza kuipaka modeli yake hivyo, hana haja ya kuandika maelezo chini yake.

Hesabu yake nayo si ngumu. Bodi ya mita sita kwa 1/24 ni milimita 250. Upana wa mita mbili na nusu ni milimita 104. Ubao wa inchi sita unakuwa milimita sita na robo na ushei, na ubao mwembamba namna hiyo wewe unaweza kuuchana kwa mninga halisi hapo kwenye karakana yako. Plastiki haitafikia mninga uliopigwa msasa. Marobota ya tumbaku tutayamimina kwa rezini, ile plastiki ya maji inayoganda, na ili yawe na sura ya gunia, kifani cha kwanza, yaani robota la kunakiliwa, tukivishe kitambaa chembamba cha chandarua kabla ya kutengeneza kalibu, lile umbo la kumiminia. Kila uzi utaonekana.

Hapo nimeingia kwenye utengenezaji, basi niseme kabisa. Seti za viwandani hutoka kwenye kalibu za chuma, na kalibu moja ya gari hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Hiyo si njia yetu. Kalibu ya silikoni tunaimudu. Inatoa vipande kadhaa vizuri kisha inaanza kuchanika kingo na inabidi itengenezwe nyingine, lakini kifani kikiwa kimehifadhiwa vizuri hatupotezi kitu. Vitu vidogo kama ndoano, taa na pampu ya dizeli tumpe yule kijana wa printa ya 3D avichape. Mnunuzi tumwandikie wazi kwenye karatasi ya maelekezo kwamba rezini haishikani na gundi ya kawaida ya modeli, ile inayoyeyusha plastiki, anahitaji supagluu. Na apige msasa wa maji, maana vumbi la rezini ni baya kwa mapafu.

Usinielewe vibaya kuhusu shangingi. Ni gari zuri, ila modeli yake ikikaa kabatini haisemi imetoka Tabora au Tokyo. Tukiwa na nguvu ya kutengeneza Land Cruiser moja nzima kuanzia magurudumu mpaka paa, mimi nataka ile ndefu ya hardtop, mkonga. Kwa mkoa huu wa Kigoma hakuna gari lenye historia kuizidi. Tangu wakimbizi wa Burundi walipoingia mwaka 1993, na wa Kongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, Land Cruiser nyeupe ndizo zilizopanda na kushuka Kasulu na Kibondo, zikibeba madaktari, chanjo, redio, wajawazito. Toleo lake la HZJ78 lina mita 2.98 kati ya ekseli na ekseli, yaani milimita 124 kwa kipimo chetu. Injini ni 1HZ ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, na kwa mtu anayependa kufungua boneti hiyo ni zawadi, maana iko wazi, kila bomba linaonekana linakotoka na linakokwenda.

Kitakachoiuza ni vitu vya nje. Mkonga wenyewe wa kuvutia hewa, unaopanda pembeni ya kioo cha mbele. Ngao ya chuma mbele. Na ile antena ndefu ya redio iliyosimama juu ya ngao, inayopinda kwa upepo gari likikimbia, ambayo madereva wengi huivuta nyuma na kuifunga kwa kamba kwenye keria. Antena hiyo tuitengeneze kwa waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa, uzi mmoja tu. Unapinda na kurudi wenyewe. Ndani tuweke mabenchi mawili yanayotazamana, na kwa anayetaka gari la wagonjwa, machela na chupa ya dripu. Boksi moja, matoleo mawili.

Hiace ni kazi nyepesi. Kampuni ya modeli ya Aoshima ya Japani wanazo za kutosha kwa 1/24, na kwa kuwa Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani tayari uko kulia. Nyingi wao huziuza zimeshushwa chini na rimu za kung'aa. Sisi tutoe springi za kuinyanyua, viti vya abiria, keria na mstari wa rangi ubavuni, basi, kipanya kimekamilika.

Fuso ndiyo inayonisumbua. Aoshima wanatoa malori ya Fuso, tena yale ya mapambo na taa nyingi, lakini kwa 1/32. Kebini ya upana wa mita mbili na nusu kwa 1/32 ni milimita 78. Iweke karibu na Scania ya milimita 104 uone inavyokaa kama mtoto kamfuata baba yake gereji. Kwa hiyo naomba tukubaliane mapema: kila kitu chetu ni 1/24. Wamarekani watasema wao wamezoea 1/25, kipimo cha kampuni ya AMT na wenzao, na tofauti hiyo ni ndogo, asilimia nne. Mzigo wetu utakaa kwenye malori yao bila jicho kulalamika. 1/32 tuiache.

Kuhusu Safari Rally, nakubaliana nawe kwamba mashindano yale ni yetu. Yalianza 1953 na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Lakini Wajapani wameshayashughulikia kwa modeli zao, kwa sababu ushindi wa Datsun wa 1970, 1971 na 1973 ni fahari yao pia. Sioni tutaongeza nini isipokuwa matope. Landrova 109 hali kadhalika: Revell wanayo, Italeri wanayo. Tutoe keria na magunia ya mkaa, tusonge mbele.

Sasa nikueleze la moyoni. Baba yako mdogo alipokuwa hai alikuwa akitusimulia habari za Fiat za barabara ya Zambia, unakumbuka. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilibanwa, mafuta yakawa hayapiti kusini. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania, na malori yake makubwa yalikuwa Fiat 682. Yalipeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba hadi Dar es Salaam, kwa barabara ambayo wakati huo ilikuwa udongo mtupu sehemu kubwa, mpaka wazungu wakaiita njia ya jehanamu. Yale ni magari yaliyoshika nchi mbili zisianguke, kabla reli ya TAZARA haijakuwepo. Na uzuri wake ni kwamba malori makubwa ya Italia ya enzi hizo yalikuwa na usukani kulia hata kwao, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha. Kebini yake pana ya mviringo haifanani na kitu chochote cha leo. Hili tuliweke la tatu, baada ya bodi ya tumbaku na mkonga, na tulifanye kwa heshima yote, pamoja na trela na vipande vya shaba vimepangwa vizuri juu yake.

Halafu kuna maandishi. Gari letu bila maandishi ni uchi. Mlangoni jina la mwenye gari na sanduku la posta, chini yake uzito wa gari tupu. Nyuma "Mungu Tosha" au "Wivu Hauna Dawa". Namba nyeupe kwa gari la biashara, njano kwa gari la binafsi. Printa za kawaida haziwezi kuchapa rangi nyeupe, na herufi nyeupe juu ya ubao wa kahawia ndiyo kila kitu. Wachapaji wa fulana hapo Tabora wanatumia skrini, na skrini inachapa nyeupe bila shida. Mtafute mmoja mwenye mkono mtulivu. Herufi zenyewe asitoe kwenye kompyuta. Mwandishi wa magari aziandike kwa brashi kwenye karatasi kubwa, tuzipige picha, tuzipunguze. Herufi za brashi zina tumbo na mkia, na mtu wa huku atazitambua papo hapo.

Seti ndogo ninayoitamani kuliko zote haina gari ndani yake. Ni ya gari lililoharibika: jeki, tairi lililovuliwa, gogo la kuzuia gurudumu, matawi mabichi ya kuweka barabarani nyuma na mbele kuwaonya wengine, jamvi chini ya trela, jiko la mkaa na sufuria, na tandiboi amelala chali miguu ikitokeza nje. Kila aliyesafiri kwa lori kutoka Tabora kuja huku kabla ya lami ameiona picha hiyo. Itauzwa bei ya chini na itafaa kwa gari lolote la 1/24, liwe la nani.

Wapo watakaotuambia kazi hii si ya watu wa mikoa ya pembezoni. Waambie meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kuungwa upya hapa Kigoma, na ikaelea mwaka 1915. Na Scania nyingi walizopanda utotoni zilifika Kibaha zikiwa vipande, zikaungwa na mafundi wetu wa kiwanda cha TAMCO.

Basi naomba unifanyie haya kabla sijanunua silikoni. Tafuta lori moja la tumbaku, umwombe dereva ruhusa, upime urefu, upana na kina cha bodi kwa ndani na kwa nje. Hesabu mbao za ubavuni na nguzo. Pima ubao mmoja unene. Piga picha ukiwa umesimama sawasawa na bodi, si kwa pembeni, na uegemeze rula kwenye gari ili nipate kipimo. Usisahau chini: viungo vya bodi na chasi ndivyo vinavyonitatiza, maana kwenye picha zangu zote vimefichwa na matope. Pima pia robota moja.

Dagaa na mawese nimempa kijana wa basi la kesho, yamefungwa kwenye ndoo ya njano. Mfuko mdogo ulio juu una bampa la 113 nililochonga. Liangalie pembe za chini uniambie kama zinatosha au nizipinde zaidi.

Ndugu yako,
Hamisi