Barua ya wazi kwa City Hall: Wafungulieni malenga vijana kumbi za jamii

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia masuala ya vijana na vipaji,
City Hall, Nairobi.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Eastlands. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa upande wa Makadara. Sina cheo katika kikundi chochote cha sanaa na sijatumwa na mtu. Nakuandikia kwa ajili ya watu ambao wamenisaidia kazi yangu kwa muda mrefu bila malipo: vijana wanaoongoza vikundi vya ushairi wa jukwaani katika mitaa yetu, Dandora, Kayole, Mathare, Korogocho, Kibra, Kangemi na kwingineko. Ombi langu ni kwamba kumbi za jamii za kaunti zifunguliwe kwao kwa saa zinazojulikana, bila ada, na jambo hilo litengewe fedha katika bajeti ili lisitegemee huruma ya afisa aliye zamu.

Naomba nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa kuwa wakubwa wengi huiona siku ya onyesho tu, kipaza sauti kikiwa tayari na simu zikirekodi. Kazi hufanyika Jumamosi, watazamaji hawapo. Kijana anakuja na shairi lililoandikwa kwenye simu. Kiongozi anamwomba aiweke simu kando, alitoe shairi kichwani. Akikwama anarudishwa mshororo wa kwanza. Anaulizwa: hapa unavuta pumzi wapi? Mbona umepaza sauti kabla msikilizaji hajajua kilichotokea? Huyu mama unayemtaja anauza nini, na kibanda chake kiko wapi? Kijana anakasirika, anakaa kitako, anaandika upya. Wiki inayofuata mama yule ana jina la mtaa, ana jiko la makaa, ana deni la unga dukani, na wenzake wanaomsikiliza wananyamaza kabisa.

Darasani mimi huwafundisha mizani 8, yaani silabi 8, katika kila kipande, 16 katika mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Wengi huvihesabu kwa ajili ya mtihani, kisha wanavisahau. Wale wanaohudhuria vikundi hivi hawasahau, kwa sababu wamesikia kwa masikio yao jinsi mshororo unavyochechemea mizani ikipungua. Hata mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, yalikaa vinywani mwa watu muda mrefu kabla ya kupigwa chapa. Vijana hawa wanaochanganya Kiswahili sanifu na Sheng wanaendeleza mwenendo huo huo, na mimi, niliyepewa mtaala niufundishe, nawashukuru.

Kuna upande mwingine wa kazi hii usioonekana kabisa. Kiongozi wa kikundi ndiye anayempigia mzazi simu kumhakikishia kwamba binti yake atatoka kabla ya giza, na ndiye anayemsindikiza hadi steji ya matatu. Ndiye anayekaa na mvulana aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Na ndiye husikia mapema mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia mwalimu wala mzazi, kwa sababu mtoto ameyatia ndani ya shairi. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika beti kuhusu nyumba ambamo mlango ukifungwa usiku watu huanza kuogopa. Mimi ningezisahihisha tahajia na kumpa alama. Kiongozi wake alimsubiri wenzake walipoondoka, akamsikiliza, akanitafuta, tukamhusisha afisa wa watoto. Hakuwa amesomea ushauri nasaha. Alikuwa tu amejifunza kusikiliza, na nambari ya 116 ya kusaidia watoto aliijua kwa moyo. Sitasema zaidi, mtoto yule ana haki ya siri yake. Ila nataka ujue, Mheshimiwa, kwamba huyo ndiye mtu anayesimama nje ya ukumbi wa umma akiambiwa arudi na barua nyingine.

Maana hivyo ndivyo mambo yalivyo. Katika ukumbi mmoja wa kaunti ninaoufahamu vizuri, kikundi kinachotaka kufanya mazoezi huombwa barua, kisha barua ya kuthibitisha barua, kisha ada ambayo vijana wasio na ajira hawana. Wakiipata, wakachangishana shilingi kwa shilingi, huenda siku ikafika wakakuta ukumbi umepewa mkutano wa siasa. Hapo hurudi kufanya mazoezi kwenye uwanja wa shule tukiwaruhusu, au kando ya barabara ambako honi za matatu humeza kila kitu.

Na hapo kando ya barabara kuna tatizo lingine. Tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024, vijana wakikusanyika mtaani hutazamwa kwa shaka. Nimesikia viongozi wa vikundi wakiulizwa kibali cha polisi ili watoto wakariri mashairi. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi waarifiwe kuhusu mikutano ya hadhara, lakini imeiacha nje mikutano ya kijamii na ya kitamaduni. Kifungu cha 33 cha Katiba nacho kinautaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanii. Vijana wakiwa ndani ya ukumbi wa kaunti, majina yao yakiwa kwenye daftari la mlangoni, hakuna mzazi atakayelala akihofia simu kutoka kituo cha polisi.

Kumbi hizi zilijengwa kwa ajili ya watu wa mtaa. Chukua Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940. Ukumbi wake ulikuwa mahali pa Waafrika wa Nairobi kukutana na kujadiliana enzi ambazo hawakuwa na sauti katikati ya mji, mpaka watu wakaufananisha na Bunge la Uingereza. Maneno yaliyosemwa mle ndani yalichangia kuleta uhuru. Sioni kwa nini wajukuu wa watu wale walipie ruhusa ya kusema katika kumbi za namna hiyo.

Najua utaniambia kwamba kaunti inahitaji mapato, kwamba paa huvuja na mlinzi wa ukumbi lazima alipwe. Ni kweli. Harusi na makanisa yaendelee kulipa. Lakini alasiri za katikati ya wiki, shule zikishafungwa, ukumbi ulio karibu nasi huwa na kufuli, wala kufuli hilo haliingizi hata shilingi moja. Saa hizo ndizo ninazoziombea.

Wala hili si jambo lisilowahi kujaribiwa. Maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo pamoja na McMillan ni mali ya kaunti, zilikarabatiwa baada ya City Hall kukubaliana mwaka 2018 na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na wanawake wawili wa hapa nchini. Watoto wa Kaloleni leo wana mahali pa kusoma penye mwanga na viti vizuri. Kaunti haikupoteza umiliki wake. Ilikubali tu kwamba kuna raia wenye moyo na ujuzi, ikawapa nafasi wafanye kazi. Vikundi vya ushairi havidai ukarabati wa aina hiyo kwa sasa. Vinahitaji taa, choo chenye maji na viti.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi, ingawa linaniuma. Hafla za umma hupenda kupambwa na mashairi ya vijana. Mwenye hema analipwa, mwenye vyombo vya muziki analipwa, mpishi analipwa. Mshairi hupewa fulana na soda, kisha huambiwa amepata jukwaa. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Naomba afisi yako iweke kanuni kwamba kikundi kikialikwa na kaunti kitalipwa kwa mkataba, na kiongozi aliyekiandaa ahesabiwe miongoni mwa waliofanya kazi.

Mheshimiwa, mamlaka unayo. Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti shughuli za utamaduni na vifaa vyake. Kifungu cha 55 kinaitaka serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu, ajira na nafasi ya kushiriki katika maisha ya nchi. Mtaala wa Umilisi nao umemfungulia mwanafunzi wa gredi ya 10 mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali imewaambia watoto wetu kwamba sanaa ni njia halali ya maisha. Shule nyingi za kutwa kama yetu hazina jukwaa. Mtoto atakayechagua mkondo huo akiwa Kayole atafanyia mazoezi wapi? Ukumbi wa Taifa wa Maigizo uko kule mjini tangu 1952, na nauli ya kwenda na kurudi kila wiki ni chakula cha jioni cha familia.

Ninachokuomba basi ni agizo la maandishi, lenye sahihi yako, kwa wasimamizi wa kumbi zote za jamii za kaunti: kila ukumbi utenge alasiri mbili za katikati ya wiki na asubuhi ya Jumamosi kwa vikundi vya sanaa vya vijana vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, bila ada, na saa hizo zisichukuliwe na mkutano wowote wa siasa. Viongozi wa vikundi hivyo wawe na kiti katika kamati inayopanga ratiba ya ukumbi. Na fedha za kulipia umeme, maji na mlinzi kwa saa hizo ziwe na mstari wake katika makadirio ya bajeti yanayopelekwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya Aprili 30, ili zianze kutumika Julai 1.

Ukiita kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti hiyo, tafadhali kiwe Jumamosi au jioni, tusiwanyime nafasi wanaouza mitumba Gikomba na wanaobeba mizigo soko la Wakulima mchana kutwa. Viongozi wengi ninaowazungumzia huishi kwa kazi hizo. Nitakuja nao, na watakueleza wenyewe vizuri kuliko mimi.

Jibu lako naomba libandikwe kwenye milango ya kumbi, kwa Kiswahili, pamoja na ratiba na nambari ya simu ya afisa anayehusika.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa Kiswahili,
Makadara, Nairobi.