Mdogo wangu, ile karatasi nilisaini mie

Simu zangu hupokei, meseji unasoma unaziacha, basi nakuandikia hapa, na wengine wasome, mie sina la kuficha.

Siku ya harusi ya mdogo wetu ulivua kofia barazani mbele ya wakwe, ukaukamata mkono wangu ukaubandika pale penye bonde, chini ya ngozi panadunda kama utosi wa mtoto mchanga, ukasema "huyu ndo aliyewapa ruhusa wanifungue kichwa". Watu kimya, vikombe vya kahawa mikononi. Mpaka leo kiganja hichi nakihisi kinadunda.

Tawi la mkarafuu halina ahadi, unalijua hilo tangu udogoni. Ulipoanguka ubongo ulivimba na fuvu halitanuki, wasingetoa lile pande la mfupa ungebanwa humohumo ukafa. Baba yuko Pemba hapatikani, mie peke yangu koridoni, daktari kashika peni ananisubiri. Ungekuwa weye ungefanyaje? Na mfupa wenyewe ulikuwa vipande vipande umeingia mchanga, haurudishiki, hilo nalo si mie.

Sasa hicho kibati cha titani, chuma chepesi cha kuzibia hilo bonde, unachokikataa hebu kisikilize kwanza. Unapigwa picha ya siti skani ya kichwa chote, kwenye kompyuta wanaugeuza upande uliosalimika kama kwenye kioo wapate umbo la upande uliopungua, halafu mashine inayeyusha unga wa titani kwa leza tabaka juu ya tabaka mpaka kitoke kibati kinachokaa kichwani kwako tu, hakimkai mtu mwengine. Kinafungwa kwa skrubu ndogondogo. Hakishiki kutu, sumaku haikivuti, maneno ya barazani yaache hukohuko. Sikufichi, pengine wadudu wa maradhi huingia kikabidi kutolewa. Lakini hivyo ulivyo ukijigonga mlangoni baina ya mlango na ubongo pana ngozi tu wallahi! Na hicho kizunguzungu ukisimama, wapo walioziba kikawaondoka.

Gunia zangu za karafuu za mchumo huu sijauza hata moja, zakusubiri weye. Mama kakushonea kofia nyengine, upande ule kaitia pamba, kanambia nisikwambie.

Njoo upigwe picha tu, kukubali au kukataa tutazungumza baadae. Ukitaka kunilaumu nilaumu, ila mkono wangu usiubandike pale tena.

Kakaako