Paa kali na bomba la jiko la kuni: kwanini tunakataa kutobolea upenuni

Baridi ya Njombe ya mwezi wa sita na wa saba kila mtu anaijua, ndo mana kipindi hiki tunapigiwa sana simu za majiko ya kuni ya sebuleni, na wateja wengi wenye paa kali, yaani lenye mwinuko mkubwa, wanaomba kitu kilekile: fundi toboa hapa pembeni karibu na upenu, bomba litakuwa fupi na hela itapungua. Tunakataa, na wengine wanadhani tunataka kuwauzia bomba refu, wakati ni kinyume chake kabisa.

Iko hivi. Mdomo wa bomba unatakiwa uzidi pale lilipotokea kwenye bati kwa sentimita 90 angalau, na uwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilichopo ndani ya mita 3 kuzunguka, na hapo paa lako mwenyewe linahesabiwa. Sasa chukua paa la nyuzi 45, umetobolea chini huku na kofia ya paa (kule kileleni pande mbili zinapokutana) iko mita 4 mbele, ukipima mita 3 za usawa, sio kwa kufuata mteremko wa bati, kuelekea kofia bati limeshapanda mita 3, ongeza zile 60, yaani bomba linasimama nje mita 3.6! Ukitobolea nusu mita toka kwenye kofia unahitaji mita 1.1 tu. Sehemu kubwa ya bomba inabaki ndani, inakaa na joto, moshi unavutwa vizuri. Lile refu la nje linapigwa na baridi usiku kucha, moshi unapoa njiani, masizi yanagandia ndani, asubuhi ukiwasha moshi unarudi sebuleni.

Alafu upepo. Bomba likizidi mita 1.5 juu ya bati lazima liwe na miguu ya kulishikilia, miwili iliyotanuka, inaanzia kwenye mkanda wa chuma uliozunguka bomba na kushuka upande wa kofia, na bolti zake ziingie kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Sio kwenye bati peke yake, bati litachanika. Ile waya ya kufungia nondo ambayo unaikuta kwenye nyumba nyingi inashika kutu, ikikatika bomba linayumba, viungo vinaachia na moshi unaingia darini bila wewe kujua.

Darini ndo kwenye hatari yenyewe. Bomba la bati moja likae sentimita 45 mbali na mbao, kwahiyo hatulipitishi hivyo kwenye dari, pale tunaweka la kuta mbili lenye kizuia joto katikati na nafasi ya sentimita 5 kila upande au zaidi kama mtengenezaji ameandika hivyo, na hiyo nafasi usije ukaijaza kitu. Mbao ikipashwa joto miaka na miaka inazidi kuwa rahisi kushika moto, kwahiyo kusema "mbona mwaka jana halikuungua" hakusaidii.

Viungo navyo, ncha nyembamba iangalie chini kwenye jiko. Watu wanageuza wakiogopa moshi utavuja, matokeo yake majimaji ya masizi yanachuruzika nje ya bomba mpaka ukutani.

Kuvuja mvua: bati la kuzungushia lipite chini ya bati la juu na lilalie bati la chini, silikoni ni ya kusaidia tu. Mpira mweusi wa kawaida wa kuzibia kuzunguka bomba hauvumilii bomba la moto, dai ule mwekundu wa silikoni.

Na tafadhali usimpandishe kijana asubuhi bati likiwa na umande. Sisi tunatumia ngazi yenye kulabu inayoshika upande wa pili wa kofia na mkanda wa usalama, mvua ikianza tunashuka hata kama limebaki bolti moja, mteja akinuna anune tu.

Ukitaka bei tutumie picha ya paa kwa nje, picha ya dari pale unapotaka jiko likae, na kipenyo cha tundu la moshi la jiko lako. Kama nyumba bado haijaezekwa ndo vizuri zaidi, tutaongea na fundi wako aache nafasi kati ya kenchi.