Jina Usilolijua Kwenye Taarifa ya Kadi: Soma Kabla Hujapinga Muamala

Sisi tunauzia shule vifaa vya maabara, na malalamiko yanayotufikia mara nyingi zaidi hayahusu bika (glasi ya maabara) iliyopasuka njiani. Yanahusu kadi. Mhasibu wa shule anafungua taarifa ya akaunti mwisho wa mwezi, anakuta kampuni asiyoijua imekata shilingi 820,000, na anapotupigia tayari ameshaamini kuwa ameibiwa. Wiki hii mmoja ametuita matapeli, basi tueleze.

Tuanze na jina. Bango la duka lina jina la biashara, lakini mashine ya kadi imesajiliwa kwa jina la kampuni lililoko BRELA (wakala wa usajili wa biashara), na hilo ndilo linalokwenda benki. Mfumo wa kadi una nafasi ya herufi 22 hadi 25 hivi, kwa hiyo jina refu hukatwa na neno "maabara" la mwishoni halionekani. Jina kamili liko juu ya risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), pamoja na TIN (namba ya mlipakodi). Linganisha hapo kwanza.

Kinachovuruga watu zaidi ni kiasi. Chukua oda ya 1,940,000: bureti, pipeti na bika za 1,120,000, na mizani ya kidijitali ya 820,000. Siku ya kuagiza, benki hushikilia 1,940,000 yote: haijakatwa, ila huwezi kuitumia. Vyombo vya kioo vikitoka, tunakata 1,120,000, ila pesa iliyoshikiliwa huweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Katika siku hizo salio linasoma kana kwamba zimeondoka 3,060,000! Hazijaondoka. Wiki tatu baadaye mizani inatoka, 820,000 inakatwa, na anayetafuta 1,940,000 kwenye taarifa haioni popote.

Tungeweza kukata zote siku ya kwanza. Hatufanyi hivyo kwa sababu mizani haitoki kabla ya kupimwa kwa mawe ya uzito unaojulikana. Asidi kali nazo zina vibali vyake kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Chupa ya lita 2.5 ya asidi ya haidrokloriki haiwekwi kwenye buti la basi la abiria, kwa hiyo usafiri wake huonekana kama makato ya peke yake.

Muamala ukisomeka kwa dola, si wetu. Tangu 2025 kanuni zinakataza biashara za ndani kutoza kwa fedha za kigeni, nasi tunatoza shilingi tu. Muulize fundi sanifu wa maabara kama hakununua kitu kwenye tovuti ya nje.

Njia ya mkato ambayo wengi huikimbilia ni kuiambia benki "sijafanya muamala huu". Kadi inafungwa siku hiyo hiyo, na malipo mengine yote yaliyounganishwa nayo yanakwama. Sisi tunasimamisha mzigo uliobaki. Kisha tunaipelekea benki ankara na hati ya kupokea mzigo yenye muhuri wa shule, na kwa kawaida pesa uliyorudishiwa inakatwa tena. Ada ya madai tunailipa hata tukishinda, na baadhi ya benki humtoza na mteja. Kwa madai mengi Visa na Mastercard hutoa hadi siku 120, hivyo kuuliza kwanza kwa siku moja hakukunyimi haki yako.

Ukituandikia, taja tarehe, kiasi kamili, tarakimu nne za mwisho za kadi na namba ya idhini iliyo kwenye risiti ya mashine. Usitume namba nzima ya kadi wala zile tatu za nyuma, hata akiomba mtu anayejiita mfanyakazi wetu. Tukitafuta na kukuta muamala haumo kwenye vitabu vyetu, tutakuandikia hivyo, na hapo ifunge kadi bila kusubiri, hata kama kilichokatwa ni shilingi 2,000. Wezi hujaribu kwa kiasi kidogo kwanza.