Waacheni wazee wa Malindi wakae na mvi zao

Mhariri, salamu kutoka huku Malindi.

Hizi siku nasoma sana makala za afya, kwenye gazeti na zile watu wanatumiana kwa simu, za jinsi ya kubaki kijana hata ukishapita miaka 60, kula hivi, tembea hivi, lala mapema, punguza chumvi. Ni mambo ya maana na sina ubishi nayo. Lakini kuna kitu huwa hakisemwi, na kwa mtu wa hii kaunti yetu ya Kilifi ndicho cha kwanza kabla hata hujafika kwa chumvi. Mzee wa huku hawezi kuzeeka vizuri akiwa anaogopa nywele za kichwa chake mwenyewe.

Nenda ufuoni asubuhi kabla jua halijakuwa kali uangalie wazee wa Kiitaliano. Wamejaa Malindi tangu miaka ya 1960 wenzao walipokuja kujenga kituo cha kurushia setilaiti pale Ngomeni, wengine wakafuata na mahoteli na majumba. Utamkuta mzee wa miaka 70 na kitu, kichwa cheupe pe, kaptura na raba, anatembea mchangani mpaka atosheke, akitoka hapo anakaa na wenzake wanakunywa kahawa wanacheka, hana wasiwasi na mtu. Amekuja Malindi azeekee hapa na Malindi imempokea, na mimi simuonei kijicho hata kidogo, akae salama. Sasa toka mjini, panda boda uingie ndani kidogo tu, Kakuyuni, Goshi, ama uvuke mto Sabaki uende upande wa Marafa, mzee wa umri ule ule anapaka kanta, ile rangi nyeusi ya kuficha mvi. Na hapaki kwa urembo, anapaka asije akaitwa mchawi.

Shangazi yangu mmoja hupaka. Ile kanta ya bei rahisi ina kemikali, watu wengine ikiwagusa wanawashwa mpaka uso unavimba, na yeye inamsumbua ngozi kila akipaka lakini mvi zikianza kutokeza tu anatuma mtoto dukani. Nikimwambia shangazi wacha hiyo kitu itakuumiza, ananiambia bora kuwashwa. Sikuwa na jibu la kumpa na mpaka leo sina. Wazee wa mjini wanapaka ndevu hina, wanapendeza, wengine ni sunna kwao na wanaifanya kwa raha zao. Hiyo ya shangazi ni woga na inaniuma sana.

Tuseme ukweli, haya mauaji ya wazee wanaoitwa wachawi hapa Kilifi yameandikwa miaka na miaka, na kila mtu wa huku anajua kwamba mara nyingi ukifukua chini ya hilo neno uchawi unakuta shamba. Mzee ndiye aliyebaki na ardhi ya ukoo, haijagawanywa, bei imepanda, vijana wanataka kuuza na yeye hataki, halafu mtoto akiugua ama kukitokea msiba hapo bomani, basi jina lake ndilo la kwanza kutajwa. Kuna wazee walikimbia maboma yao na wamehifadhiwa kwenye vituo humu humu kaunti yetu, mtu ana watoto na wajukuu lakini analala kwenye kituo.

Na zile alama wanazosema ni za mchawi ebu tuziangalie moja moja. Mvi ni zile chembe za rangi kwenye shina la nywele zimechoka kutengeneza rangi, na saa ya kuchoka mara nyingi mtu anairithi kwa wazazi, ndio maana wengine wanazipata wakiwa na miaka 30. Macho mekundu, mama amepika kwa kuni maisha yake yote ndani ya jiko lisilo na dirisha, moshi unamuingia kila siku, yasiwe mekundu kwa nini? Kutembea usiku na kuongea peke yake ndiyo inayonisikitisha zaidi, manake huo unaweza kuwa ugonjwa unaitwa dimenshia, ubongo unadhoofika mtu anasahau, anachanganya mchana na usiku, jua likitua ndio anazidi kuhangaika, anatoka akidhani anaenda kwake kumbe anaingia boma la jirani saa nane za usiku na hata hajui amefikaje. Ulaya mtu kama huyo anapelekwa kwa daktari. Huku anaweza kufia hapo hapo mlangoni kwa watu.

Sheria ipo. Sheria ya Uchawi ni ya tangu 1925 na ndani yake kumsingizia mtu uchawi ni kosa. Katiba ya 2010 kifungu cha 57 inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia yake pamoja na serikali. Kuna na Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi, ni kidogo lakini inanunua unga na dawa. Hayo yote ni mazuri kwa mzee anayeweza kutoka nyumbani kwake bila kuogopa.

Kwa sababu mzee mwenye woga hatoki, haendi harusini, haendi matangani, akija mgonjwa kwa jirani hathubutu kwenda kumuona asije akaambiwa ndiye aliyemroga. Anakaa ndani tu. Na Shirika la Afya Duniani linasema upweke unaongeza hatari ya magonjwa ya moyo, kiharusi na hiyo hiyo dimenshia. Wanasema pia mzee apate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki na afanye mazoezi ya kujiimarisha asianguke, siku tatu ama zaidi. Wazee wetu hawahitaji jimu, mtu anayepalilia mahindi yake na kwenda kisimani amezipita hizo dakika zamani, na mboga zake za mtsunga, kunde na mchicha ziko hapo nje ya nyumba. Wana kila kitu cha kuwaweka wazima wakiachwa tu wavifanye kwa amani. Ukimfungia ndani, misuli inalegea, presha inapanda bila mtu kujua manake mara nyingi haina dalili na zahanati haendi, siku akiteleza anavunjika nyonga na hapo ndio basi.

Na sisi ndio watu wa Mekatilili wa Menza! Sanamu yake iko mjini hapa, kila Agosti tunamsherehekea, tunacheza ngoma. Mwaka 1913 aliposimama kuwaambia Wagiriama wasikubali kutawaliwa na Waingereza hakuwa msichana, alikuwa mjane, mtu mzima, wakamkamata wakampeleka Kisii na akatoroka akarudi nyumbani kwa miguu. Watu walimsikiliza. Leo mama mtu mzima kama yule akisimama mbele ya watu kijijini aongee kwa ukali, ataitwaje?

Mhariri, nina maombi. Mzee akiuawa huwa mnaandika na picha mnaweka, lakini kesi ikienda kortini hatusikii tena, fuatilieni mpaka hukumu mtuambie nani alifungwa na lile shamba lilienda kwa nani. Machifu na wazee wa kaya, wale wazee wetu wa mila, wakae na familia ardhi igawanywe na iandikwe mzee akiwa hai, kwa ridhaa yake. Zahanati zetu zitenge siku ya wazee wapimwe presha, sukari na macho, na wahudumu wafundishwe kuitambua dimenshia. Na ule ukurasa wenu wa afya, hebu andikeni habari za huo ugonjwa kwa Kiswahili chepesi, na kwa herufi kubwa, nitazikata mwenyewe nizibandike kwenye duka lile shangazi anaponunua kanta.

Mkaazi wa Barani,
Malindi