YAH: Mfumo wenu unaandika "Hajafanya" wakati mtoto kafanya

Ndugu Meneja na timu yako,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu, ndo niliyepewa jukumu la kusimamia homuweki za shule nzima kupitia mfumo wenu, kwahiyo kila asubuhi kabla sijaingia darasani nafungua dashibodi naangalia nani katuma na nani bado. Hii ni mara ya tatu nawaandikia. Mara mbili za mwanzo nilipata meseji ya otomatiki kwamba tiketi yangu imepokelewa, baada ya hapo kimya, sasa leo naandika barua kamili maana jambo lenyewe limeshaanza kuumiza watoto.

Wiki iliyopita binti mmoja wa darasa la sita kaja ofisini na mama yake, macho yamevimba. Usiku wake mfumo wenu ulimtumia mama meseji "Mwanafunzi hajafanya kazi ya Hisabati", mama akapandwa na hasira na mtoto akaadhibiwa. Nikafungua daftari, maswali yote kumi yapo, hesabu za sehemu, la saba kalifuta na kulirudia mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Nikaomba simu. Picha nne za zile kurasa zipo ndani ya apu, pembeni kile kiduara kinazunguka na neno "Inatuma", kimezunguka hivo tangu jana yake jioni. Yani mtoto kafanya, kapiga picha, kabonyeza tuma, halafu kwangu jina lake jekundu kama la mtu aliyelala. Mama alilia pale pale mbele yangu, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Msiniambie ni mtandao, mtandao kila mtu anajua unasumbua. Picha moja ya simu za siku hizi inafika MB 3 au 4, apu yenu inaituma hivyo hivyo bila kuibana, na nimejaribu mwenyewe kwa simu yangu, ikikatika kwenye picha ya tatu inaanza upya kuanzia ya kwanza badala ya kuendelea ilipoishia, bando linaisha na kazi haijafika. Apu za kuchati zinabana picha kabla ya kutuma, kwahiyo si jambo lisilowezekana. Na nyumba zenye simu moja na watoto wawili ndo balaa, mdogo akiingia kwenye akaunti yake, ya kaka inatoka, na kila kilichokuwa kinasubiri kutumwa kinapotea bila hata kuonya.

Mfumo wote si mbaya, ningekuwa muongo. Tuliuchukua ili walimu waone wenzao wametoa nini, maana zamani mtoto alikuwa anapewa kazi za masomo matano usiku mmoja na hakuna mwalimu aliyejua, na hilo limepungua kweli. Ila hata hapo mnahesabu idadi tu, insha ya kurasa tatu ni "kazi 1" na maswali mawili ya kuchagua nayo "kazi 1". Kuna ile kanuni ya dakika 10 aliyoitetea Harris Cooper, mtafiti wa mambo ya homuweki wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, dakika 10 kwa usiku zidisha na darasa, kwahiyo darasa la sita iwe kama dakika 60 kwa masomo yote. Wekeni sehemu ya mwalimu kuandika dakika, basi. Hilo linaweza kusubiri, hili la rangi nyekundu haliwezi.

Maana "hajafanya" na "haijafika" ni vitu viwili tofauti kabisa, na nyie mmevitia kwenye rangi moja. Walimu wenzangu sasa wanaiamini rangi kuliko daftari, mtoto akisema mwalimu nimefanya anaambiwa mfumo unasema hujafanya, kaa chini.

Naomba kwanza kabisa mzime hizo meseji za otomatiki kwa wazazi, zisitoke mpaka mwalimu athibitishe, hiyo nadhani mnaweza kuifanya hata leo. Halafu kazi iliyobonyezwa tuma ikakwama ionekane kwangu kama imekwama, na muda wa kubonyeza urekodiwe pamoja na muda wa kufika seva. Najua mtasema mtoto anaweza kurudisha saa ya simu nyuma, sawa, tuonesheni saa zote mbili, mwalimu anamjua mwanafunzi wake ataamua mwenyewe.

Na rekodi za nyuma tupeni uwezo wa kuzisahihisha, sasa hivi nikibonyeza jina la mtoto linagoma, eti muhula umefungwa. Yule binti anaonekana ana kazi 9 ambazo hakufanya muhula huu. Nimepitia madaftari yake moja moja, 7 zipo, zimefanywa, nyingine nimezisahihisha kwa mkono wangu. Ripoti zinachapwa baada ya wiki mbili na hizo namba zinaingia humo moja kwa moja, kwahiyo nahitaji jibu la mtu, sio la mashine, kabla ya hapo.

Wenu,
Mwalimu msimamizi wa kazi za nyumbani