Simba anayevizia hapewi mbio ndefu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kwa vijana wanaoendesha michezo ya kuigiza mezani, hasa Dungeons & Dragons. Mchezo huu ulitoka Marekani mwaka 1974. Hapa kwetu vijana hukutana barazani kwangu Jumamosi na dadu zao za pande 20, na tunafuata kanuni za mwaka 2003, zile za toleo la tatu na nusu.

Kinachoniuma ni namna shambulio la kushtukiza linavyochanganywa na shambulio la mbio. Juzi kijana mmoja ndiye aliyeongoza mchezo, yaani kusimulia na kuwaendesha wanyama. Wahusika wanne wanakatiza mbuga, simba kajibanza futi 70 kutoka walipo, hakuna aliyemwona. Kijana akamtoa simba mbio moja mpaka kwa mganga wa kundi, akamrarua hadi kufa. Binti aliyekuwa akimcheza mganga huyo hakupata hata zamu moja. Hakutendewa haki.

Kwa kawaida anayeshambulia kwa mbio hutumia zamu yake nzima. Anakwenda hadi mara mbili ya mwendo wake, anapata nyongeza ya 2 kwenye pigo, na kinga yake inashuka kwa 2 mpaka zamu yake ijayo. Raundi ya kushtukiza, ile ya mwanzo ambayo wasiomwona mviziaji hawachezi, haitoi zamu nzima. Inatoa nafasi ya tendo moja tu, kusogea au kupiga. Kanuni zinamruhusu mviziaji kushambulia kwa mbio hata hapo, ila kwa mwendo wake wa mara moja. Simba wa kitabuni ana mwendo wa futi 40. Akivizia, mwisho wake ni futi hizo 40, kama mita 12. Yule wa futi 70 hakupaswa kufika.

Asiniambie mtu kwamba ni hesabu ndogo. Simba akishambulia kwa mbio ana ruhusa ya kupiga kwa silaha zake zote: makucha mawili ya mbele, meno, na makucha ya nyuma mara mbili. Hakuna sentensi inayomnyima hayo kwa sababu mbio zake zimefupishwa. Na aliyeshtukizwa hana faida ya wepesi wake mpaka atakapopata zamu. Basi umbali ndio ngao pekee aliyobaki nayo, halafu mwongoza mchezo anamnyang'anya!

Nimeendesha magari ya watalii Manyara na Serengeti miaka mingi. Simba ana nguvu lakini pumzi hana, ndiyo maana hunyata, akalala, akanyata tena, mpaka awe karibu kabisa. Waliotunga kanuni hii wamempatia. Wamekumbuka hata vichaka: mbio lazima ziwe za mstari ulionyooka, na njia yenye kitu cha kumpunguza kasi haifai. Kichaka kikiwa kati yake na windo, shambulio la mbio halipo.

Tena si lazima wote washtukizwe. Aliyemwona simba naye anacheza katika raundi ile. Kama zamu yake inatangulia, anaweza kutumia tendo lake hilo moja kuukita mkuki na kumsubiri. Simba akimjia kwa mbio, mkuki ukipata, madhara ni mara mbili. Hapo ndipo vijana wangu husimama vitini.

Toleo la 2014 liliifuta raundi ya kushtukiza: mviziaji ana zamu kamili, na aliyeshtukizwa hasogei wala hatendi kitu katika zamu yake ya kwanza. La 2024 limelegeza zaidi. Anayeshtukizwa hurusha dadu mbili za kupanga zamu na kuchukua iliyo ndogo. Ni rahisi kukumbuka, sikatai, lakini mviziaji halazimiki tena kuhangaikia mahali pa kujificha kama zamani. Mimi nabaki na la 2003.

Nawaomba waongoza michezo: pimeni umbali mezani kabla hamjatamka kwamba mnyama ametokea. Akiwa mbali, mwacheni anyate, na wachezaji warushe dadu za kusikia na kuona kila anaposogea. Na yule binti arudishiwe mganga wake. Kijana nimeshamwambia hivyo, naye amekubali kuirudia sehemu ile Jumamosi ijayo.

Msomaji wako,
Mto wa Mbu, Arusha